Mtandao wa redio unaposumbua Mwanza: kutoka dalili hadi chanzo

Malalamiko karibu yote humfikia fundi yakiwa na maneno mawili: mtandao unasumbua. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana ya kebo iliyoingia maji juu ya paa la Isamilo, rauta iliyoishiwa anwani kwenye ukumbi wa Nyegezi, mgeni mmoja wa hoteli anayepakia video ya harusi, au ziwa lililotulia alfajiri likaanza kurudisha mawimbi ya redio juu. Chanzo ni tofauti kila mara, na dawa ya kimoja haigusi kingine. Mwongozo huu ni wa wanaosimamia Wi-Fi za hoteli, shule, zahanati na ofisi, pamoja na watoa huduma wadogo wenye leseni wanaorusha intaneti kwa redio kutoka mlimani hadi kwa mteja.

Shika jambo moja kabla ya kugusa chochote: kipaumbele cha huduma, yaani kupanga data ipi ipite kwanza, hakiponyi redio mbovu. Anza chini upande juu, yaani umeme na kebo, halafu mawimbi, halafu foleni, mwisho anwani na majina. Anayeanza na mipangilio ya kipaumbele wakati kebo inadondosha pakiti (vipande vya data) atapoteza siku nzima na mteja ataendelea kulalamika.

Pima kipande kwa kipande

Unganisha kompyuta kwenye rauta kwa kebo, Wi-Fi yake ikiwa imezimwa. Fungua madirisha matatu na upige ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) kwa pamoja: moja kwa rauta, la pili kwa redio ya upande wa mnara, la tatu kwa anwani ya nje kama 1.1.1.1. Ziache ziende dakika 10 au zaidi, kisha rudia saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi nyumbani. Kipimo cha saa nne asubuhi peke yake hakina maana kwa tatizo linalotokea jioni.

Kwa kebo, rauta inapaswa kujibu chini ya milisekunde 1. Redio ya mnara inayohudumia wateja wengi kwa zamu kwa kawaida hujibu kati ya 5 na 20. Nje inategemea umbali: kila kilomita 1,000 za fiber hugharimu takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi, kwa hiyo seva ya Dar es Salaam haitashuka chini ya hapo hata ukibadilisha vifaa vyote, na ya Ulaya itazidi 100. Usimwahidi mteja kwamba utauondoa umbali.

Sasa soma tofauti. Rauta ikijibu vizuri na redio ya mnara ikayumba, tatizo liko juu ya paa au hewani. Zote mbili zikiwa tulivu na ya nje ikayumba, tatizo liko kwa anayekuuzia intaneti, au kiungo chako kimejaa. Kebo ikiwa safi lakini simu iliyo kwenye Wi-Fi ikiyumba, usipande paani; kazi iko ndani ya jengo.

Kasi ipo kwenye kipimo, lakini simu za WhatsApp zinakatakata

Hii ndiyo kasoro inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ping ikiwa tulivu inasoma 25. Mtu akianza kupakia video inaruka hadi 400, hata 900. Kurasa zinachelewa kuanza kufunguka, sauti inakatika, lakini kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti zote zilizolipiwa. Kipimo hakiuoni ugonjwa huu kwa sababu chenyewe hujaza foleni.

Chanzo ni bufa. Redio na modemu huhifadhi pakiti zisizoweza kutoka mara moja. Bufa ikiwa kubwa, pakiti ndogo ya sauti inasubiri nyuma ya mamia ya pakiti za video, na inapofika imeshapitwa na wakati. Mazungumzo yenyewe yanahitaji kidogo sana: kwa G.711, mfumo wa kugeuza sauti kuwa data, ni takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande pamoja na vichwa vya pakiti, pakiti 50 kila sekunde. Yanachodai ni nidhamu ya muda. Ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, mtetereko (tofauti ya ucheleweshaji kati ya pakiti na pakiti) ubaki chini ya 30, na upotevu usivuke asilimia 1. Kiungo cha megabiti 2 chenye foleni iliyopangwa hubeba simu vizuri kuliko cha megabiti 50 kisicho na mpangilio.

Tiba ni kuihamishia foleni kwenye rauta unayoitawala. Pima kasi kwa kebo mara tatu saa za msongamano, chukua matokeo ya chini kabisa, kisha weka kikomo kwenye rauta kwa asilimia 85 hadi 90 ya hayo, kila upande kivyake. Ukipata megabiti 20 za kushusha na 5 za kupakia, weka 17 na 4.3. Upande wa kupakia ndio unaosahauliwa, na ndio unaoua simu. Ndani ya kikomo hicho tumia fq_codel au CAKE, mbinu za kupanga foleni kwa haki. Rauta za MikroTik zinazo zote mbili kuanzia mfumo wa RouterOS 7, na OpenWrt, mfumo huria wa rauta, inazo kwenye kifurushi chake cha SQM.

Mtego wa MikroTik: kanuni ya fasttrack iliyomo kwenye mipangilio ya kiwandani huzipitisha pakiti pembeni ya foleni. Unapanga kikomo, unasubiri, hakuna kinachobadilika. Angalia kihesabio cha baiti kwenye foleni yenyewe. Kikiwa hakisogei wakati mtu anapakua faili, zima kanuni hiyo na uanzishe upya miunganisho iliyopo. Prosesa itafanya kazi zaidi, kwa hiyo rauta dogo linaweza kuzidiwa. Tazama mzigo wake baada ya mabadiliko, usidhani tu.

Kuna hali moja ambapo kikomo cha namba moja hakifai. Redio inayopanda na kushuka ngazi za kasi kila dakika inaweza kuanguka chini ya kikomo ulichoweka, na foleni ikarudi kwenye bufa ya redio. Hapo rekebisha mawimbi kwanza, au weka kikomo kwa kasi ya chini inayoonekana siku mbaya.

Kipaumbele kinafuata. Simu za ofisini huwekewa alama ya kipaumbele ndani ya pakiti, DSCP 46. Kwenye Wi-Fi kuna madaraja manne: sauti, video, kawaida na ya nyuma. Vifaa vingi husoma biti tatu za mwanzo tu za alama hiyo, yaani 101, vinapata 5, na sauti inatupwa kwenye daraja la video. Weka mwenyewe tafsiri ya 46 kwenda 6, namba ya daraja la sauti, kwenye aksesi pointi (kifaa kinachorusha Wi-Fi) au swichi. Usizime WMM (mfumo wa madaraja hayo) hata kama mtu kakuambia inaongeza kasi: bila WMM mteja hurudi kwenye kasi za zamani zisizovuka megabiti 54. Dalili hiyohiyo hutokea ukitumia usimbaji wa TKIP badala ya AES. Ukiona kifaa kipya kinagota 54, angalia hayo mawili kabla ya kununua kingine.

Hoteli yenye megabiti 50 na vyumba 40 isimpe kila mgeni megabiti 1 ya kudumu. Saa nane mchana watu watano wako ndani na megabiti 45 zinalala. Gawa kwa haki kati ya waliopo: PCQ (foleni ya MikroTik inayogawa kasi kwa kila mtumiaji) ikitenganisha kwa anwani ya anayepokea upande wa kushusha na ya anayetuma upande wa kupakia, au CAKE kwa kila kifaa. Kila mtu atapata kubwa kukiwa kutupu, na sehemu yake kukijaa.

Alama za Wi-Fi zimejaa, kurasa hazifunguki

Alama zinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu. Hazionyeshi kama hewa ina nafasi. Mwanza ina ugumu wake hapa. Nyumba za Mabatini, Bugando na Igogo zimepanda miteremko ya mawe, na aksesi pointi iliyo ubavuni mwa mlima husikia Wi-Fi za bonde zima na za mlima wa pili. Mji tambarare una kuta za majirani zinazokinga, mteremko hauna.

Kwenye gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa megahezi 20. Anayechagua chaneli 3 akidhani amekwepa msongamano anapokea kelele za 1 na za 6 pamoja. Upana wa 40 kwenye bendi hii mjini ni kujiumiza. Hamishia watu kwenye gigahezi 5 kwa upana wa 20 au 40, na uache 80 kwa nyumba iliyo peke yake. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada: kifaa husikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na kikisikia rada huhama. Wi-Fi ikipotea dakika moja kisha ikarudi kwenye chaneli nyingine, soma kumbukumbu za kifaa kabla ya kulaumu umeme.

Adui mwingine ni mteja wa mbali. Hewa ni ya zamu, na pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 12 ikitumwa kwa megabiti 1, milisekunde 2 kwa megabiti 6, na sehemu ndogo tu ya milisekunde kwa megabiti 300. Mlinzi aliye getini na simu ya zamani anaweza kula muda wa hewa wa ukumbi mzima. Zima kasi za 1, 2, 5.5 na 11, anzia 6 au 12. Punguza pia majina ya mtandao. Kila jina linajitangaza takriban mara 10 kwa sekunde kwa kasi ya chini kabisa, na majina sita kwenye kifaa kimoja ni mzigo hata hakuna mtu aliyeunganishwa.

Nguvu ya kurusha iwe karibu na ya simu, dBm 14 hadi 17 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; −60 ina nguvu kuliko −82). Aksesi pointi inayopiga kelele kwa dBm 23 husikika na simu iliyo mbali, lakini jibu la simu halirudi. Kwa mazungumzo, kila pembe inayotumika ipate −67 dBm au zaidi, na uwiano wa mawimbi kwa kelele usiwe chini ya desibeli 25. Simu inayong'ang'ania kifaa cha ghorofa ya chini wakati mtu amefika ya tatu mara nyingi hutibiwa na nguvu hii iliyopunguzwa. Ukiwasha 802.11k na 802.11v, viwango vinavyoisaidia simu kuchagua kifaa cha kuhamia, nyingi zitahama bila kukata.

Inazunguka ikitafuta anwani ya IP

Waliowahi wanatumia, waliochelewa hawaingii, na kuzima na kuwasha rauta kunatibu kwa siku moja. Anwani zimekwisha. Mtandao wa /24 una anwani 253 baada ya kutoa ya rauta, na muda wa kukodisha ukiwa saa 24, kila aliyepita mapokezini anashikilia yake hadi kesho. Simu za Android 10 na iOS 14 kuendelea pia hubuni anwani ya kifaa kwa kila mtandao, na ikibadilika zinahesabiwa kama wageni wapya. Weka ukodishaji dakika 30 hadi 60 sehemu za wapita njia, panua hadi /22 (takriban anwani 1,000), na tafuta rauta ya pili inayogawa anwani kimyakimya, kwa kawaida ile ambayo mtu kaichomeka ukutani kwa tundu la LAN.

Google inafunguka, tovuti ya benki haifunguki

PPPoE, njia ya mteja kuingia kwa jina na nywila, hupunguza ukubwa wa pakiti hadi baiti 1,492, na pakiti kubwa zaidi zinaweza kupotea njiani. Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 na anwani ya nje. Ikijibu, shusha shaka; ikikataa, punguza namba hadi ijibu kisha ongeza 28 upate MTU halisi, yaani pakiti kubwa kabisa inayopita. Kwenye rauta punguza MSS ya TCP (kiasi cha data ndani ya pakiti moja) iwe MTU kutoa 40, yaani 1,452 kwa 1,492.

Kiungo cha kuvuka ziwa kinaanguka alfajiri na kurudi jua likipanda

Mchana unasoma −60 dBm, saa kumi na mbili asubuhi −82, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Mafundi wengi hupanda mnara na kuisogeza sahani, ikapona mchana, ikaanguka tena kesho. Acha sahani. Kuna mambo mawili yanayotokea juu ya maji.

La kwanza ni mwangwi wa redio. Wimbi moja huenda moja kwa moja, jingine hugonga maji na kufika limechelewa kidogo. Yakikutana kinyume, yanafutana. Mchana upepo wa kutoka ziwani huchafua uso wa maji na kutawanya mwangwi. Alfajiri maji yametulia na mwangwi unafika mzima. Tofauti ya njia ni mara mbili ya zao la kimo cha antena mbili, gawanya kwa umbali. Antena za mita 30 na 20 juu ya maji, kilomita 10, tofauti ni sentimita 12. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5.2, kwa hiyo badiliko la sentimita 2.6 tu latosha kugeuza kujengana kuwa kufutana. Hata kina cha ziwa kinahusika. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kufunika mialo mingi, na kwa antena za mita 60 na 40, umbali uleule, maji yakipanda mita moja njia hubadilika karibu sentimita 2.

La pili ni hewa yenyewe: usiku tulivu, tabaka za joto na unyevu juu ya ziwa hupinda mawimbi, yakapita juu au chini ya sahani.

Tiba bora ni ya mahali pa kuweka antena. Mwangwi hugonga maji mahali panapogawa umbali kwa uwiano wa vimo: upande mmoja mita 10, mwingine 90, kiungo cha kilomita 10, basi pigo liko kilomita 1 kutoka upande wa chini. Antena ya chini ikiwa imerudi ndani zaidi ya kilomita 1 kutoka ufukweni, pigo linaangukia mashamba na miti, ambako mwangwi hutawanyika. Kwa upande wa mjini, mawe ya Mwanza ni msaada: irudishe antena nyuma ya ukingo wa mwamba au wa paa kiasi kwamba njia ya kwenda ng'ambo iko wazi lakini maji ya chini hayaonekani. Isipowezekana, badilisha kimo cha antena moja. Kwa kilomita 10 na upande wa pili ukiwa mita 30, kusogeza mita 4.3 hubadilisha tofauti ya njia kwa nusu wimbi. Kuongeza nguvu ya redio hakusaidii, kwa sababu mwangwi nao unaongezeka.

Kuona ng'ambo kwa macho hakutoshi. Katikati ya kilomita 10 unahitaji takriban mita 7 za uwazi kwa ajili ya mawimbi, na mita 1.5 za mviringo wa dunia. Kwa kilomita 30, hesabu ya kawaida kwa anayelenga visiwani, ni mita 12 na 13, jumla 25 juu ya maji. Ongeza kimo cha feri ukipita juu ya njia ya Kamanga: kiungo kinachokatika sekunde chache kwa nyakati za ratiba kinazibwa na chombo. Viungo vinavyokatiza ghuba karibu na Kigongo vikaguliwe upya pia, maana daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limesimamisha nguzo ambazo picha za zamani hazina.

Kabla ya kukubali kwamba ni ziwa, hakikisha sahani ililengwa sawa. Redio inayotoa jumla ya dBm 36 pamoja na antena yake, ikipokelewa na sahani yenye ukuzaji wa dBi 30 kwa kilomita 10 za gigahezi 5.8, hupoteza desibeli 128 hewani na inapaswa kusoma karibu −62. Ukisoma −75, kuna uwezekano mkubwa umekamata mwale wa pembeni, ulio dhaifu kuliko wa katikati: zungusha sahani polepole kulia na kushoto kupita kilele hadi upate kikubwa zaidi. Njia mbili za redio zikitofautiana zaidi ya desibeli 5, kagua mkao na viunganishi. Viwango vya nguvu na masafa viwe ndani ya masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Anayezidisha anawaharibia wote waliomzunguka mlimani.

Mvua ikinyesha, mtandao unakufa

Kwa gigahezi 5, mvua kubwa haipunguzi hata desibeli 1 kwa kilomita. Kwa gigahezi 60 inaweza kuzidi desibeli 10 kwa kilomita, na hapo ni sahihi kuilaumu. Kiungo cha gigahezi 5 kinachokufa na mvua kina maji ndani au umeme dhaifu. Fungua kiunganishi, tafuta kutu ya kijani. Kebo iingie kwenye redio kutoka chini ikiwa na mkunjo wa kudondoshea maji, na tundu lizibwe, kwa sababu wadudu wa ziwani hujaa ndani, buibui wanawafuata, na uchafu wao hushika unyevu.

Soma pia kasi ya tundu la Ethaneti na makosa ya CRC (pakiti zilizofika zimeharibika). Tundu lililoshuka kutoka 1,000 hadi 100 au 10, au makosa yanayoongezeka kila dakika, ni kebo. Kwangua uzi kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, itupe. Kwa redio ya volti 24 inayokula ampea 0.4, mita 50 za shaba hupoteza takriban volti 2, na alumini karibu 3. Kwenye umeme unaoyumba, tofauti hiyo ndiyo inayoizima redio.

Radi ni habari kubwa zaidi, kwa kuwa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani na dhoruba zake hujengeka usiku. Juu ya mwamba nondo ya ardhi haizami. Zika ukanda wa shaba kwa ulalo mahali penye udongo, kina cha nusu mita, ufuatane na nondo kadhaa zilizoachana mara mbili ya urefu wao. Kisha uunganishe na ardhi ya umeme wa jengo. Ardhi mbili zisizounganishwa huunguza vifaa, maana radi ikipiga karibu tofauti ya volti hupitia kebo ya mtandao. Tumia kebo yenye ngao na kikinga radi pande zote mbili, juu karibu na redio na chini kabla ya swichi.

Unapompigia anayekuuzia intaneti

Mpe ping za siku tatu kwa vipande vyote vitatu, saa zikiwa zimeandikwa. Kasi iliyopimwa kwa kebo bila mtu mwingine. Kiwango cha mawimbi na kelele. Na makosa ya CRC kwenye tundu linalokutana na kifaa chake. Dawati la huduma likiona vipande vyako viwili ni tulivu na cha tatu kinaruka kila saa moja jioni, litalazimika kukagua uwezo wa kiungo chake kabla ya kukuambia uzime na kuwasha rauta.